Mwongozo kwa Mtaalamu Anayekuja Kigoma Kupima Madhara ya Nguzo

Umepewa kazi. Kando ya Ziwa Tanganyika kuna kituo cha kusukuma maji, kuna laini ya kilovoti 33 itakayokipelekea umeme, na wewe, mtaalamu elekezi wa mazingira mwenye usajili hai, ndiye utakayeieleza Serikali laini hiyo itaharibu nini. Kilomita chache, nguzo za miti, transfoma moja ndani ya uzio. Bosi wako amesema ni kazi ya wiki moja: Jumatatu unatua, Ijumaa unaondoka. Ndivyo wanavyoambiwa wote wanaotumwa mwisho wa reli. Kabla hujafunga begi, soma haya.

Ripoti uliyokuja nayo

Tunajua unayo. Iko kwenye kompyuta, ni ya mradi wa mwaka juzi huko pwani, ilipata cheti cha mazingira bila maswali mengi, na nia yako ni kufuta jina la wilaya na kuandika Kigoma. Usione haya, wengi wamekutangulia. Jihadhari tu na ile amri ya kubadilisha neno kurasa zote kwa mkupuo. Ukiiambia kompyuta kila penye "Bahari ya Hindi" iweke "Ziwa Tanganyika", itatii, na ukurasa wa 14 utasema kwamba kasa wanataga mayai Kibirizi, matumbawe ya Katonga yako salama, na mkandarasi amekatazwa kukata mikoko ya Bangwe. Mkandarasi atafurahi. Hakuna sharti jepesi kulitimiza kama la kulinda mti usiokuwepo.

Ya hapa ni haya. Penye kina kirefu zaidi ziwa lina mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal la Urusi peke yake. Samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, mita mia moja hadi mia mbili hivi, kwa sababu chini ya hapo hakuna oksijeni. Maji yanaingia kwa Rusizi, kwa Malagarasi na kwa vijito chungu nzima, lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga upande wa Kongo, nao unatoa kidogo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa kupaa na jua. Uchafu haupai. Unaomwagika Kigoma unabaki kuwa wa Kigoma, au unakuwa wa Burundi, Kongo na Zambia, na ndiyo maana nchi hizo tatu pamoja na Tanzania zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa mwaka 2003, zikaweka mamlaka ya pamoja Bujumbura.

Kisha kuna dagaa, migebuka na kuhe. Hapa usiandike "samaki mbalimbali". Dagaa hufuata mwanga; wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza na taa zao, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola, na mbalamwezi ikishika wanavuta mitumbwi pembeni. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Sasa fikiria kituo chako. Laini ikifika, jambo la kwanza litakalofanyika, kabla hata pampu haijafungwa, ni kuweka taa kali za ulinzi juu ya uzio, zikimulika majini usiku kucha ili mwizi wa nyaya aonekane. Utakuwa umejenga karabai kubwa kuliko zote Kigoma, isiyozimwa hata msimu wa kufunga uvuvi, na chini yake bomba linalonyonya. Andika kwamba taa zielekezwe ndani ya uzio, na kwamba mdomo wa bomba uwe na chujio lenye matundu madogo na mvuto wa taratibu. Sentensi hizo mbili zina faida kuliko sura nzima ya "bioanuwai", na utashangaa zinavyosahauliwa.

Sokwe wa Gombe usiwaingize ili ripoti ipendeze. Kila ripoti inayotoka mkoa huu inao, pamoja na picha, na maelezo kwamba mtafiti Jane Goodall alifika 1960 na hifadhi ikatangazwa 1968. Yote ni kweli. Lakini Gombe iko kaskazini, nje ya mji, na laini yako inaishia Bangwe. Sokwe hawajaomba kuunganishiwa.

Mita 60 kutoka wapi

Hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pampu yenyewe ina utetezi: pampu ya maji ya ziwa haiwezi kukaa stesheni. Nguzo hazina utetezi huo. Kwa hiyo utatoka na futi kamba na kijana wa kuishika, mtateremka hadi kwenye maji, na hapo mtamkuta mzee amekaa kwenye kivuli cha mwembe akishona wavu.

"Shikamoo mzee. Tunapima kutoka kwenye maji. Ukingo ndiyo huu?"

"Marahaba. Ukingo wa mwaka gani?"

Usicheke. Hilo ndilo swali la kitaalamu kuliko yote utakayoulizwa katika safari hii. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Novemba 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo, chini ya mwembe, ziwa likiwa jirani. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta maji yamepanda. Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na matete, ziwa linajaa halina pa kutokea. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kile kikaachia, na katika muda usiozidi miaka ishirini usawa wa maji ukashuka kwa kiasi cha mita kumi. Nenda ukaone mnara wa Livingstone pale Ujiji: mgeni anayeshuka kwenye bajaji humuuliza mwongozaji ziwa liko wapi, naye humnyooshea kidole mbali, mita mia kadhaa, nyuma ya nyumba na mashamba ya watu.

Watu wakajenga kwenye nchi kavu hiyo mpya. Wakazika, wakapanda, wakapata hati. Halafu kuanzia 2020 maji yakapanda tena. Yalimeza nyumba, fukwe za kuanikia dagaa na sehemu za bandari, kwetu, Bujumbura na upande wa pili wa ziwa. Ukingo ulimfuata mtu hadi sebuleni. Nyumba iliyokuwa halali asubuhi ikawa ndani ya mita 60 jioni, na mwenyewe hajasogeza hata tofali.

Hesabu yake si ngumu, na ni aibu ripoti kutokuwa nayo. Penye ufuko tambarare, ardhi ikipanda mita moja kila unapotembea mita 50, maji yakiongezeka mita moja yanasogea mita 50 nchi kavu. Bangwe penye mawe na mteremko mkali, mita hiyo moja haifiki hata kwenye mlango wa kituo. Kwa maana hiyo mita 60 za Bangwe na mita 60 za Ujiji si kitu kimoja, hata kama futi kamba ni ile ile. Nguzo usiipange kwa umbali kutoka majini, ipange kwa kimo chake kutoka usawa wa bahari, halafu ulinganishe na rekodi za kimo cha ziwa. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapa hapa Kigoma. Ndiyo pia inayotoa kibali cha kuchota maji, kwa hiyo utaenda tu, upende usipende.

Na kwa nini tujali nguzo ikilowa? Kwa sababu mti wa nguzo haukupelekwa kiwandani kwa ajili ya urembo. Ili mchwa wasiutafune, unashindiliwa dawa, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na aseniki. Nguzo ikisimama kwenye udongo mkavu, dawa inatulia ndani ya mti. Ikisimama majini mwaka mzima, hatua chache kutoka kwenye bomba la kunywea mji mzima, ni habari nyingine. Nguzo za mwisho, zile za karibu na kituo, ziandikie zege. Mhandisi atalalamika kuhusu bei. Mwonyeshe alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba ya jirani.

Michikichi inayoota usiku

Laini ya kilovoti 33 inataka mkuza wa mita 10 hivi, tano kila upande. Ile kubwa ya kilovoti 400 iliyotoka Nyakanazi kuja Kigoma, kilomita 280 zenye fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na Korea Kusini, inataka mita 52. Yako ni ndogo, na ndiyo inayopita katikati ya watu.

Siku utakayopita na wapimaji mkiwa mmevaa vizibao vya kung'aa, shamba la pembeni litakuwa na muhogo uliochoka. Rudi baada ya siku nne. Utakuta michikichi mistari kwa mistari, imenyooka kuliko laini yako, baadhi bado na viriba vyake. Mwenye shamba atakusalimia kwa uchangamfu na kukueleza kwamba ilipandwa na marehemu baba yake.

Usimwite mwizi. Amesoma mambo vizuri kuliko ulivyosoma wewe. Kigoma ni nchi ya mawese. Tangu 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoipigia debe michikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, kila kiongozi aliyepanda jukwaani amehimiza watu wapande. Wamepanda. Tena wanajua kwamba mthamini anahesabu shina, na kwamba muhogo na mchikichi havilingani bei. Dawa si polisi. Tangaza tarehe ya mwisho ya maendelezo kabla vizibao havijaonekana mtaani, piga picha, mwenyekiti wa mtaa asaini. Ukitangaza baadaye unakuwa umetoa taarifa ya msimu wa kupanda.

Ila kuna michikichi mikongwe ya kweli, na hiyo ndiyo ya kuhofia. Inafika mita 20. Mkuza wa mita 10 hauna maana yoyote kwa mti wa mita 20 ulioko mita saba kutoka kwenye waya. Upepo wa Novemba utaulaza juu ya laini na mji utakosa maji. Kwa hiyo TANESCO watataka kukata nje ya mkuza, miti ambayo haikuthaminiwa, ya mama ambaye mawese yake ndiyo ada ya shule. Iweke miti hiyo kwenye orodha tangu mwanzo, mmoja mmoja.

Ukifika Ujiji, miembe. Mingine ni ya zama za misafara, ilipandwa na watu waliotembea kutoka pwani kupitia Tabora, nao hawakuwa wakitembea wote kwa hiari. Mpimaji ataiita "vizuizi". Wewe iite kwa jina lake na upinde laini. Pinda na kwenye makaburi. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo, ya mwaka 1969, ina taratibu zake zote, lakini nguzo mbili za kona zina bei nafuu kuliko kumweleza mtu wa Ujiji kwamba babu yake anasogezwa kupisha waya.

Kuhusu fidia, utaambiwa na mtu mwenye haraka kwamba umeme wa vijijini hupita bila fidia, wananchi wanajitolea. Ni kweli kwenye miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ambako anayetoa upande wa shamba ndiye anayewashiwa taa. Laini yako haimwashii mtu. Inakwenda kwenye pampu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Anayevunjiwa nyumba ana posho ya usumbufu, ya usafiri, na kodi ya pango ya miezi 36. Na tangu sheria ya uthamini ya 2016, uthamini unakufa baada ya miaka miwili. Wapo watu nchini waliothaminiwa, wakazuiwa kuongeza hata choo, wakasubiri, uthamini ukafa, wakathaminiwa upya. Hilo ni athari kwa mazingira ya binadamu kuliko kelele za mkandarasi, ambazo najua umezipa ukurasa mzima.

Ndege nawapitia haraka, maana hapa ushauri ni mfupi. Furukombe ana mabawa ya mita mbili na zaidi ncha hadi ncha, na nguzo ya kando ya ziwa ndiyo kiti chake cha enzi. Kwenye laini kubwa nyaya zimeachana sana, hatari yake ni kuugonga ule waya mwembamba wa juu usioonekana. Kwenye kilovoti 33 nyaya ziko karibu, hatari ni kukaa tu: akikunjua mabawa anagusa mbili, anakufa, na mji unakatikiwa umeme. Vikombe vya kushikilia nyaya vining'inie chini ya mkono wa nguzo, waya wa katikati uvalishwe mpira karibu na nguzo. Mhandisi anayepuuza ndege atasikiliza ukimwambia ni kukatika kwa umeme.

Mkutano wa wadau

Sheria inataka uwasikilize wananchi. Utakodi viti vya plastiki, utanunua soda na maji ya chupa (kwenye mkutano wa mradi wa maji, ndiyo), na utapitisha karatasi ya mahudhurio. Angalia karatasi hiyo. Wanaoisaini mara mbili wamekuja kwa ajili ya nauli. Wanaokataa kuisaini ndio walioathirika; wamewahi kusaini karatasi nyingine.

Utaulizwa kuhusu mionzi. Jibu kwa upole na kwa namba: mwongozo wa kimataifa unaweka kikomo cha mikrotesla 200 kwa raia, na chini ya laini ya kilovoti 33 unapata sehemu ndogo sana ya hiyo. Utaulizwa kuhusu radi, na kwa haki, maana magharibi mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi. Eleza vizuia radi vitakavyofungwa. Mtu wa nyuma atauliza kama vinazuia radi ya mvua tu au na ile ya kutumwa. Sema vimetengenezwa kwa viwango vya kimataifa, kisha pokea swali linalofuata.

Swali linalofuata litatoka kwa bibi aliyekaa mbele, ambaye hakugusa soda.

"Mwanangu, huu umeme unapita juu ya nyumba yangu kwenda wapi?"

"Kwenye pampu, bibi."

"Na maji yanatoka kwenye pampu kwenda wapi?"

"Kwenye tenki, bibi. Kule juu mlimani."

"Kwa hiyo umeme unanipita kwenda, na maji yananipita kurudi."

Watu watacheka, wewe utaandika "wananchi waliupokea mradi kwa furaha". Usiandike hivyo. Kilovoti 33 hazivutwi nyumbani kama waya wa redio. Zinahitaji transfoma ya mtaa ya kuzishusha. Maji ya tenki nayo yanahitaji bomba la kuyarudisha chini. Kama bajeti ina transfoma hiyo na bomba hilo, sema ziko mtaa gani na lini. Kama haina, sema haina, na uandike kauli ya bibi neno kwa neno. Kumbuka hao ni watu waliokaa kando ya ziwa kubwa namna hii na bado wanachota kwa ndoo, na mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi wakiwa wamejazana ufukweni, kila mtu hapa alijifunza maji ya ziwa yasiyotibiwa yanaweza kufanya nini. Wanataka pampu kuliko wewe. Wanachouliza ni kama wamo.

Waya unaishia wapi

Sasa tufike penyewe. Ripoti yako itaanza nguzo ya kwanza na kuishia kwenye mita, kwa sababu hadidu za rejea zimesema hivyo. Laini ni ya TANESCO, ina cheti chake. Pampu ni ya mamlaka ya maji, ina cheti chake. Umeme wenyewe unatoka kwenye mradi mwingine, wenye cheti chake. Maji machafu hayana mwenyewe, kwa hiyo hayana cheti. Kila kipande kinapimwa peke yake, kila kipande kinakutwa na athari ndogo, na ukijumlisha vipande vyote bado unaambiwa ni ndogo. Ukiwa na njaa ya cheti, huu ndio ufundi wenyewe, na unaweza kuishia kusoma hapa.

Ukibaki, chukua kalamu. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kimo cha mita 100 kunahitaji uniti 0.27 hata kama mashine haipotezi chochote. Pampu na mota zinapoteza, kwa hiyo sema uniti 0.4. Mji ukisukuma lita milioni 10 kwa siku hadi kimo hicho, hizo ni uniti 4,000 kila siku inayokuja. Jenereta la dizeli linatoa uniti tatu na nusu hadi nne kwa lita moja ya mafuta. Basi ni lita elfu moja au zaidi za dizeli kwa siku ili mji unywe. Kwa miongo mingi Kigoma ilikuwa hivyo: umeme wa majenereta, mafuta yakiletwa kutoka mbali, moshi wake ukiwa haumo kwenye ripoti ya mradi wowote wa maji. Gridi ya taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mazingira, na ndiyo hoja bora ya kuitetea laini yako, lakini huwezi kuitumia kama umeamua waya unaanzia kwenye nguzo ya kwanza.

Na gridi inakatika. Umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda mlimani yanarudi kwa kishindo na yanaweza kupasua bomba. Kwa hiyo mamlaka ya maji haitaitegemea laini peke yake, itaweka jenereta la akiba pale pale kituoni, na tenki la dizeli pembeni yake, juu kidogo ya chujio. Halimo kwenye ripoti ya laini, kwa sababu si laini. Halimo kwenye ripoti ya pampu, kwa sababu lilinunuliwa baadaye. Hilo tenki, ndugu yangu, ndilo athari kubwa kuliko nguzo zako zote. Lijengee ukuta wa zege wa kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Na transfoma uiangalie namba ya mwaka: zile kuukuu zinaweza kuwa na mafuta yenye sumu ya PCB, ambayo Mkataba wa Stockholm unataka yawe yameteketezwa kote duniani ifikapo 2028. Mafuta ya transfoma yana wateja wengi mitaani. Wanachokifanya wateja hao nayo kwenye makarai ya chipsi tumekisikia sote, na hatuli chipsi kwa amani.

Usiseme kwamba ripoti za mazingira hazijawahi kubadilisha kitu, kwamba ni karatasi tu. Zimebadilisha, na ni hapa hapa. Mwaka 2008 Tanzania na shirika la Marekani la Millennium Challenge walitia saini mkataba wa dola milioni 698, na ndani yake kulikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi, kwa ajili ya Kigoma. Watu wa mazingira wakaenda kutazama mtoni. Wakakuta viumbe wa majini wa pekee, ambao mtambo ungewahatarisha. Wakaandika walichokiona. Mtambo ukaachwa, Kigoma ikapata sola mashuleni, kwenye zahanati na vijijini, na majenereta ya mjini yakaendelea kunguruma. Wapo waliokasirika sana, nami nawaelewa: aliyelala gizani hakuulizwa kuhusu viumbe wa mtoni. Baadaye mradi mwingine mkubwa zaidi, wa megawati 49.5, ukapangwa kwenye mto huo huo kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Unaweza kubishana uamuzi ule ulikuwa sahihi au la. Huwezi kubishana kwamba walioufanya walijua wanachokiacha na wanachokichukua, kwa sababu mtu aliingia majini na kutazama.

Upande wa pili wa waya, tazama kinachotokea maji yakishafika. Wahandisi hukadiria kwamba asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa machafu. Katika lita milioni 10 ulizopandisha, milioni nane zinatafuta njia ya kushuka. Mji huu ni wa vyoo vya shimo na makaro. Makaro yakijaa, mvua ikija, mteremko wote wa Mwanga, Gungu na Ujiji unaelekea sehemu moja. Kabla ya pampu, mtu alijibana na ndoo mbili. Baada ya pampu ataoga, na ni haki yake. Ziwa halina mlango mwingine wa kutolea hayo maji, tulikwisha sema, na chujio la pampu liko pale pale.

Jedwali la mwisho

Mwisho wa ripoti kuna mpango wa usimamizi wa mazingira, jedwali lenye safu ya athari, ya hatua, ya mhusika, ya gharama na ya muda. Kwa desturi hujazwa hivi: mhusika, "Mkandarasi", gharama, "Zimo kwenye mradi", muda, "Wakati wote". Mkandarasi akimaliza mwaka wake wa matazamio anaondoka na magari yake, na kuanzia hapo athari zote hazina mhusika, hazina gharama, na ni za wakati wote.

Andika vyeo vya watu watakaokuwepo miaka kumi ijayo: fundi wa zamu wa kituo, afisa mazingira wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, meneja wa TANESCO wa mkoa. Andika shilingi. Kumwaga maji ya mvua yaliyojaa ndani ya ukuta wa tenki la dizeli ni kazi ya mtu mwenye jina la kazi na koki mkononi. Asipotajwa, ukuta ule utajaa maji masika ya kwanza na hautazuia hata lita moja ya mafuta.

Kisha ipeleke ripoti NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ujiandae. Kwenye kikao cha mapitio mjumbe mmoja atafungua ripoti yako ya laini ya umeme, atapekua, atapekua tena, na atauliza kwa nini ina kurasa tisa za vyoo. Usimjibu kwa nadharia. Tandaza ramani, mwonyeshe mfereji wa mvua unamwaga wapi na bomba linanyonyea wapi, halafu mwulize katika hizo tisa angependa uondoe ukurasa upi.